Pumzi ya Susu

Sultanganj, Bihar. Januari.

Leo alfajiri ukungu ulitanda hata mwamba wenye hekalu la Ajgaivinath usionekane. Kengele yake ndiyo iliyotujulisha tulipo. Mzee mwenye mtumbwi, ambaye wiki nzima nimekuwa nikimwita chacha kama wafanyavyo vijana wa hapa kwa baba zao wadogo, aliinua kasia na kunionyesha kidole mdomoni.

Fuuu! Nikageuka, nikakuta viwimbi tu. Fuuu! Sasa nyuma yangu. Mara ya tatu ndipo nilipomwona: mdomo mrefu mwembamba, mgongo wa kijivu, kisha maji yakajifunga.

Pomboo niliowazoea mimi, mtoto wa Tanga, ni wa baharini. Huyu wa mto Ganga macho yake hayana lenzi, hutambua mwanga na giza basi. Huishi kwa kusikia. Hutoa milio midogo ya harakaharaka na kufuata mwangwi wake, akiogelea kwa ubavu huku pezi likipapasa tope. Wengi humwita susu, kwa ile sauti ya pumzi yake.

Mahali hapa pana kisa ninachokipenda mno. Wahindu husimulia kwamba Ganga, mungu wa kike ambaye ndiye mto huu, aliposhuka kutoka mbinguni alipita hapa kwa vishindo, akamvuruga mtawa Jahnu katika ibada yake. Jahnu akakasirika, akaunywa mto wote. Mfalme Bhagiratha akamsihi sana, na mtawa akamtoa Ganga sikioni mwake. Ndiyo maana mto huu huitwa pia Jahnavi, binti wa Jahnu.

Sikioni! Nimekuwa nikilifikiria neno hilo tangu asubuhi.

Agosti iliyopita, katika Shravan, mwezi mtakatifu wa Wahindu, nilikuwa hapahapa. Mto umefurika, rangi ya chai ya maziwa, na ukingo wote umejaa mahujaji wa nguo za zafarani. Kila mmoja huchota maji haya, kwa sababu hapa Ganga hugeuka kuelekea kaskazini na jambo hilo huhesabiwa kuwa baraka, akayaning'iniza kwenye mzega na kuyabeba zaidi ya kilomita 100 hadi hekalu la mungu Shiva huko Deoghar. Wengi hutembea pekupeku. "Bol Bam! Bol Bam!" walipaza sauti, wakimsifu Shiva. Nilimwona mama mmoja, nyayo zimepasuka, akiushika mzega wake kama mtu aliyebeba mtoto mchanga aliyelala. Nililia, na mimi si wa dini yao.

Tangu 1991 kipande cha mto kutoka hapa hadi Kahalgaon ni hifadhi ya susu, na mwaka 2009 serikali ya India ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Hata hivyo nyavu bado humnasa. Na injini za boti humziba masikio kiumbe aliye karibu kipofu. Hilo ndilo linaloniuma. Zamani mtawa ndiye aliyesumbuliwa na kelele za mto. Sasa anayesumbuliwa yumo ndani ya mto wenyewe, naye hana pa kuhamia.

Boti ya mchanga ilipita, ikanguruma muda mrefu. Hatukusikia pumzi tena.

Chacha alichota maji kwa kiganja, akayagusisha kwenye paji la uso, akalaza kasia magotini. "Ngoja," akasema. Tukangoja, ukungu ukipanda polepole, mpaka zikasikika mbili, moja kubwa, moja ndogo.