Kuni za Juni zinunue Septemba

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu kuni ni za kupikia tu, na ukisikia mtu anataka baridi, anataka soda. Mume wangu alipohamishiwa Njombe mwaka 2021 nilifungasha shuka nne na sweta moja. Mji uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kipupwe kikiingia ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi. Ukipanda kuelekea uwanda wa juu wa Kitulo unakuta nyasi zimepigwa sakitu, nyeupe kama zimemwagiwa chumvi.

Kipupwe cha kwanza kilinikuta na gunia moja la mkaa. Usiku tukawa tunaingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Asubuhi moja tuliamka vichwa vinagonga, mtoto anatapika. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, wala haikuamshi. Jiko lilitoka chumbani siku ile na halijarudi. Tukahamia jikoni, kijumba cha nje chenye jiko banifu la matofali na bomba la moshi, tukawa tunaota moto hapo mpaka usingizi.

Basi nikanunua toyo zima, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, la kuni za miwati, elfu thelathini. Miwati asili yake Australia. Huku ilipandwa kwa ajili ya magome, ambayo hutoa dawa ya kusindika ngozi. Mti ukishachunwa, kinachobaki ni kuni, tena kuni hasa: nzito, na makaa yake hayazimiki ovyo. Muuzaji aliapa kwamba zimekauka. Nilipowasha, ncha zikatoa povu, zikawa zinalia chiii kama maandazi kwenye mafuta. Moshi tele, moto hakuna.

Bibi jirani akachungulia mlangoni. "Mama Salma, hizi kuni umenunua za kupikia au za kulilia?"

Akachukua vipande viwili akavigonganisha: bu. Akamtuma mjukuu wake alete viwili vya kwake: ko! Mlio mkavu kabisa, kama unagonga mlango. Akanionyesha na ncha zake zilivyopasuka mistari kutoka katikati. Zangu zilikuwa laini kama sabuni.

Mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto wako unachemsha kwanza maji ya kuni, ndipo ukumbuke ya sufuria. Nikasema nitazianika. Bibi akacheka. Uanike wapi Julai na ukungu huu? Masika yakiisha Mei, baridi imeshafika mlangoni. Jua la kukaushia kuni huku ni la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza.

Nilipona mwaka ule kwa kuomba na kununua mabanzi ya misindano kwenye mashine za mbao. Yanawaka haraka mno, yanaisha haraka vilevile, na bomba linajaa masizi. Sasa ni ya kuwashia tu.

Juni ya 2022 nilianza kuhesabu, kwa chaki ukutani. Chai na uji wa asubuhi, vipande 3. Mchana 4. Jioni ndiyo inayokula: chakula 4, kuota moto 4. Jumla 15 kwa siku. Kutoka Juni mosi hadi Agosti 31 ni siku 92, yaani vipande 1,380. Lundo la kimo cha kiuno, urefu wa mita moja, linanitosha wiki. Nahitaji mita 13, na moja ya wageni, maana watu wa Tanga wakija kututembelea hawabanduki jikoni.

Kwa hiyo Septemba nanunua mbichi kwa makusudi, na namlipa kijana azichanje palepale. Mlingoti, yaani mkaratusi, hasa usisubiri ukauke. Ukikauka nyuzi zake zinajisokota na shoka linadunda. Tunapanga juu ya mawe na mirunda, zisinyonye unyevu wa ardhi, ncha zikielekea upande upepo unakotokea.

Mwaka wa kwanza wa kupanga nilijiona mjanja, nikafunika lundo zima kwa turubai mpaka chini. Januari nilipofunua, lilinuka uyoga, na kuvu nyeupe ilikuwa imetambaa kwenye safu za katikati. Nilipangua lote, mita 14, na mtoto mgongoni. Siku hizi ni bati juu tu, mawe yalikandamize, ubavuni wazi. Mvua ikirusha matone pembeni, upepo utayaondoa.

Agosti ya 2023 iliisha nikiwa na mita moja na nusu. Bibi alikuja asubuhi ya mwisho wa mwezi, akachomoa viwili, akagonganisha: ko. Hakusema neno. Akaongeza vinne, akaviweka kwapani, akaenda zake.