Kangaja Wawili, Tangi Moja

Ami alipoamua kuhamia Maskati kwa binti yake, vyombo vya nyumba viligawanywa kwa siku moja. Makabati, vitanda na cherehani vilipata wenyewe kabla ya adhuhuri. Sebuleni likabaki tangi la kioo lenye ufa kwenye pembe, na ndani yake kangaja mmoja: mwili wa buluu, uso mweusi, koo jeupe, na pezi la njano lililotanda mgongo mzima. Ami alimkamata mwenyewe kwenye miamba ya kaskazini mwa Mombasa, enzi zile akipiga mbizi kutafuta samaki wa mapambo wa kusafirishwa ng'ambo. Wengine wote aliwauza, huyu akambakisha.

“Utamchukua wewe,” akaniambia. Hakuwa anauliza.

Nami nyumbani Kisauni nilikuwa na kangaja wangu, wa aina hiyo hiyo ambayo wataalamu huiita Acanthurus leucosternon. Tangi langu lilikuwa la futi 6 kwa 2 kwa 2, karibu lita 680 kabla ya kutia mawe. Kwa macho ya mgeni ni tangi kubwa. Kwa kangaja ni chumba kimoja, na chumba hicho kilikuwa na mwenyewe. Tafi mdogo niliyekuwa nikimfuga humo hakuthubutu kula mwani wa jiwe la katikati mpaka kangaja ageuke. Wafugaji wenzangu walinijibu kwa kauli moja kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja.

Nilipompelekea ami maneno hayo alitikisa kichwa. “Fahali hugombea majike, mwanangu. Huyu anagombea shamba. Mpe shamba.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikubali, maana yalilingana na yale niliyokuwa nikiyaona kwenye kioo kila siku. Kangaja hushinda akila. Chakula chake ni mwani mfupi unaoota juu ya mawe, chakula hafifu kinachomlazimu kuchuna tangu kunapambazuka hadi magharibi. Jiwe lenye mwani ndilo uhai wake. Watafiti waliowachunguza samaki hawa katika kisiwa cha Aldabra, kazi iliyochapishwa mwaka 1979, waliwakuta wakilinda maeneo yao ya kulia dhidi ya wala mwani wenzao. Ndiyo sababu kangaja wangu hakuwahi kuwagusa samaki wawili wa anemoni waliokuwa pembeni. Hao hudaka vijidudu vinavyopita majini, hawana haja na jiwe lake. Tafi anakula mwani, kwa hiyo alikuwa adui. Na kangaja mwenzake, mwenye mdomo ule ule na njaa ile ile, ni adui kupita wote.

Kwanza tulimweka mgeni peke yake katika pipa safi la plastiki, na hapo ami hakutaka haraka. Kangaja hushikwa upesi na ugonjwa wa madoa meupe kuliko samaki wengi, hasa akiwa na hofu, na kimelea chake kikishatoka mwilini hujificha chini kwenye mchanga, kikazaana, kikarudi kwa wingi. Maji tuliyafuata baharini Nyali wakati wa kujaa, mbali na mdomo wa mkono wa bahari, kwa kuwa masika yalikuwa hayajaisha na maji ya mto hupunguza chumvi. Ami aliyaonja kwa ulimi kwanza, ndipo akaniruhusu kutumia kipimo.

Mgeni alipoonekana mzima, tulilibomoa tangi langu. Nasema kubomoa kwa sababu hatukuacha jiwe mahali pake. Ami alitaka marundo mawili, moja upande wa dirisha na jingine upande wa pampu, yenye mapango na mianya, na katikati uwazi wa mchanga mtupu. Kila baada ya mawe machache aliinama, akaweka jicho lake usawa wa rundo moja na kutazama kama lile la pili linaonekana. Likionekana, tunapanga upya. Samaki asiyemwona mwenzake hana wa kumfukuza, ndivyo alivyonifafanulia, na uti wa mgongo ulikuwa ukinichoma kwa kuinama.

Kangaja wangu tulimtoa kwa jagi. Wavu haufai kwake. Kwenye shina la mkia, kila upande, ana mfupa mwembamba mkali unaolala ndani ya ala yake, akikunja mwili unachomoka. Ukinasa kwenye wavu, samaki anajichana na wewe anakuchana. Ami alikuwa na kovu la namna hiyo kwenye kidole gumba, jeupe, limenyooka kama limepigiwa rula.

Mgeni ndiye aliyetangulia kuingia. Mwenyeji alikaa kwenye pipa siku chache, kisha tukamrudisha usiku, taa zikiwa zimezimwa, nyuma ya karatasi ngumu ya plastiki niliyoitoboa matundu. Kwa hiyo alirudi nyumbani akakuta nyumba si yake: mawe mageni, njia ngeni, na mwenziwe amekwisha kulala. Kulipokucha walionana kupitia matundu, wakasimama ubavu kwa ubavu, mapezi yote yametandazwa, wakitikisa mikia. Kila upande nilining'iniza fungu la mwani mwembamba wa kijani, ule unaoota kwenye mawe ya ufukweni. Kwa nje, upande wa dirisha, niliegemeza kioo cha kujitazamia kwa muda mfupi kila asubuhi, na kangaja wangu akawa anaimalizia sura yake mwenyewe hasira zilizokuwa za mgeni.

Plastiki tuliiondoa jioni ambayo ami alikuwa anasafiri. Mabegi yalikuwa mlangoni. Nilivuta taratibu, na plastiki haijafika juu ya maji walikuwa wamekwisha kukutana. Walizunguka, kichwa cha mmoja kwenye mkia wa mwingine, kasi ikipanda mpaka mchanga ukainuka. Nilisikia mkia ukigonga kioo. Kipande cha pezi la yule wa ami kilielea juu, chembamba, cheusi na cheupe. Nilinyosha mkono kuchukua jagi, ami akanishika kiganja.

“Usitazame mikia. Tazama matamvua, na utazame nani anakula.”

Kama mmoja angejibanza pembeni akihema kwa nguvu na kuacha chakula, tulikuwa tumeshakubaliana: anatoka papo hapo, na tangi la pili linatafutwa. Mgeni alikimbia, akaingia rundo la pampu. Wangu alimfuata mpaka kwenye uwazi wa mchanga, akasita, akageuka. Akaja tena, akageukia pale pale. Yule wa ami alichungulia kwenye mwanya, matamvua yakipanda na kushuka, kisha akatoka na kuchuna mwani wake. Mara moja, mara mbili, halafu mfululizo. Ami alikaa chini kwenye mkeka akatazama bila kusema kitu mpaka teksi ilipopiga honi, na hata hapo aliniuliza kwanza kama betri ya pampu imejaa, endapo umeme utakatika.

Simshauri mwenye tangi la futi 3 ajaribu hivi. Hakuna mpangilio wa mawe unaoweza kuzaa nafasi isiyokuwepo, na aliyeshindwa hana pa kwenda. Hata kwangu haikuwa suluhu ya kudumu ya kulala usingizi: kila kukicha walikutana mpakani, wakaoneshana mapezi, wakarudi malishoni. Nililisha mara nyingi zaidi kuliko zamani, kidogo kidogo, pande zote mbili kwa wakati mmoja, na maji niliyabadilisha mara kwa mara kwa sababu ya ulaji huo.

Ami alipopata simu ya video, salamu zilikuwa fupi. Aliniagiza nisogeze kamera karibu na kioo, upande wa pampu, akalitazama pezi lililochanika.

“Limeota,” akasema. “Sasa nioneshe wako.” Nikahamia dirishani. Alinyamaza kidogo. “Huyu tumbo limeingia ndani. Muongezee mwani.”