Mizani ya jikoni ndiyo iliyonifundisha kununua betri

Nyumbani kwangu kuna droo ambayo mpaka mwaka juzi ilikuwa kaburi la betri. Kifaa kikizimika, mtu anachomoa zilizomo, anazirusha droo hiyohiyo, halafu anapapasa humohumo kutafuta nyingine. Watoto walikuwa na kipimo chao: wanaidondosha betri wima juu ya meza. Ikidunda imekwisha, ikitua puu bado ina moto. Kwa zile za alkalaini, za kawaida za kutumia na kutupa, kipimo hicho hutenga mpya na iliyotumika, ingawa inayodunda huenda bado ina moto, lakini kelele zake zilinichosha, na pesa niliyokuwa namwaga kila mwezi kwa ajili ya gari moja la kuchezea ilinichosha zaidi. Nikaamua tuhamie betri za kuchaji. Niseme mapema kwamba nilifanikiwa, maana ukianza kusoma utadhani nilishindwa.

Safari ya kwanza nilinunua kwa macho. Pakiti moja ya saizi AA imeandikwa 2000, jirani yake imeandikwa 3800, bei zinakaribiana. Namba hizo ni miliampia-saa, yaani kiasi cha chaji kinachokaa ndani. Sasa mtu mwenye akili timamu anachukuaje ya 2000? Nikabeba nane za 3800, na chaja ya bei ya kutupa iliyokuwa imening'inizwa kando ya keshia, nikarudi nyumbani nikijiona bingwa.

Gari la mtoto lilikwenda dakika kama ishirini, likaanza kujikokota. Nikachaji tena usiku kucha. Dakika ishirini nyingine.

Hapo ndipo shemeji yangu alipoingia. Shemeji ni mtu wa vifaa. Hakuna kitu chenye waya asichokuwa na neno juu yake. Akazishika zile betri, akatikisa kichwa kama daktari. "Shemeji, hizi hujazizoesha. Betri mpya unaimaliza moto wote mpaka sifuri, halafu unaichaji saa 16. Fanya hivyo mara tatu. Usipofanya hivyo inajenga kumbukumbu, haitashika chaji maisha."

Nikamwamini. Usiku ule nikaliweka gari chali juu ya kabati la jikoni, swichi imewashwa, magurudumu yanazunguka hewani, ili limalize moto mpaka tone la mwisho. Lilikuwa linalia kama mbu aliyekwama sikioni. Saa sita usiku bado linalia. Saa nane nikaamka kunywa maji nikalikuta linazunguka polepole, gurudumu moja linasita, linajivuta, linasita tena. Nakumbuka nilililia huruma, kisha nikarudi kulala nikiamini natibu. Asubuhi lilikuwa kimya. Nikazichomoa zote nne nikazipima kwa mita ya kupimia volti: tatu zilisoma volti 1.1 na kidogo, ya nne ilisoma sifuri na ushei. Nikaichaji. Ikakaa kwenye chaja siku nzima, ikapata joto kama chapati, na nilipoipima jioni haikuwa na lolote la maana.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni hiki. Betri nne zikipangwa mstari mmoja ndani ya kifaa, hazichoki kwa pamoja hata kama zimetoka pakiti moja. Ile dhaifu inaisha kwanza, lakini zile tatu bado zina nguvu, kwa hiyo zinaendelea kusukuma umeme kupitia ndani ya mwenzao aliyekwisha, mpaka chanya na hasi yake zinageuka. Hapo inaharibika. Habari ya kumbukumbu ilikuwa ya betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Hizi za sasa za nikeli na haidraidi ya metali, zile zinazoandikwa NiMH, hazina haja ya kunyongwa hivyo. Gari likianza kujikokota unazitoa, unachaji, basi. Nimekwisha kumwambia shemeji mara mbili. Anasema inategemea.

Na ile chaja nayo ilikuwa mkosaji. Ilikuwa inachaji betri mbilimbili kama mapacha: moja ikijaa, inaendelea kupikwa huku mwenzake akisubiriwa. Haijui imejaa wala haijajaa, inajua tu kwamba imechomekwa ukutani. Nikanunua nyingine yenye akili, kila betri na nafasi yake, kila nafasi na taa yake, na kioo kidogo kinachoonyesha volti. Iligharimu zaidi ya betri zote nilizokuwa nazo. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, weka kwenye chaja. Betri nzuri kwenye chaja mbovu zitakufa mapema, na hapo utazilaumu bure.

Chaja mpya ilimulika taa nyekundu na kuikataa kabisa ile betri maiti iliyotoka kwenye gari. Volti zilikuwa chini mno, haikuitambua kama betri. Hapa nijisifu kidogo: niliirudisha kwenye ile chaja ya zamani isiyo na akili kwa dakika tano, nikiwa nimesimama pale pale naigusa isije ikachemka, volti zikapanda, nikaihamishia haraka kwenye chaja mpya. Ikakubaliwa! Haijawahi kurudi kama wenzake, lakini iko kwenye saa ya ukutani, na saa haina njaa. Chaja ya zamani bado naiweka kwa kazi hiyo tu.

Raha ya chaja yenye akili ni kwamba ina kipimo: inaijaza betri, inaimwaga, inakuambia imemwaga kiasi gani. Nikaweka zile za 3800. Kesho yake namba ikatoka: 640. Nikadhani kioo kina hitilafu. Nikarudia na nyingine: 590. Nikakaa chini.

Ndipo nikakumbuka kwamba nilipozibeba dukani zilikuwa nyepesi, na mimi nikafurahi, nikidhani wepesi ni teknolojia. Nikachukua mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga, nikaiweka betri moja: gramu 16. Nikaazima kwa dada yangu moja ya 2000 za jina analoliamini: gramu 27. Betri ni madini yaliyokunjwa ndani ya kopo. Umeme unakaa ndani ya madini hayo, hauna mahali pengine pa kukaa. Kopo jepesi ni kopo lisilo na kitu, hata kama ganda limeandikwa 3800 kwa wino wa dhahabu. Na hata zile za kweli za saizi hiyo, kubwa kuliko zote huishia 2700 au 2800 hivi. Ukiona 3000 na zaidi kwenye AA ya nikeli, usiulize bei, endelea na safari.

Tangu siku hiyo naenda kununua betri na mizani mkobani. Mara ya kwanza muuzaji alidhani nimekuja kuuza dhahabu. Nikaomba pakiti ya betri nne, nikaiweka juu ya kaunta na plastiki yake: gramu 71. Nikamrudishia. Nikaomba nyingine: 118. Nikalipa. Hakusema kitu, lakini niligeuka mlangoni nikamwona anainyanyua ile ya kwanza mkononi, anaipima kwa hisia, anaangalia nyingine. Kwa AA nne, pakiti isiyofika gramu 100 mimi siinunui.

Mizani ilinisaidia pia kwenye betri kubwa za D za redio ya sebuleni. Zilikuwa zimeandikwa za kuchaji, nene kweli, lakini ukiitikisa unasikia kitu kinacheza ndani. Gramu 60. D ya kweli ya nikeli inakaribia 160 na hubeba kama 8000 au 10000. Hizi zilikuwa AA iliyovalishwa koti la plastiki, na wala si kosa la sheria, maana kwa maandishi madogo waliandika 2500. Mimi ndiye sikusoma. Siku hizi nanunua makoti matupu ya plastiki, nazitia AA zangu mwenyewe, redio inaimba. Inachajiwa mara nyingi zaidi, lakini betri ni zilezile za nyumba nzima.

Jambo ambalo dada yangu alilijua na mimi sikulijua ni kwamba betri za nikeli za kawaida huvuja chaji zikiwa zimelala tu. Unachaji leo, mwezi ujao unaikuta imepungua sehemu kubwa bila kufanya kazi. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo walitoa betri iitwayo Eneloop, ambayo chaji yake hukaa, na tangu hapo watengenezaji wengine wengi wamefuata. Jina lile sasa liko chini ya Panasonic. Zinatambulika kwa maandishi kwamba zimekwisha kuchajiwa kiwandani, tayari kwa kutumika. Hizo ndizo za rimoti, za tochi ya dharura, za kila kinachokaa kikisubiri. Na usiikimbilie yenye namba kubwa hata kwa jina zuri: Eneloop ya 2500 hudaiwa kustahimili kuchajiwa mara 500, ile ya 2000 hudaiwa mara 2100. Mimi nimechukua za 2000 na sijawahi kujuta, isipokuwa kwenye taa ya kamera, ambayo inakula kama ina mimba.

Sasa kuhusu lithiamu. Shemeji alirudi na mbili alizoziita dawa ya matatizo yote. Saizi ni ileile ya AA, zimeandikwa 14500. Nikazitia kwenye tochi ya betri mbili. Ikawaka kwa pumzi moja, mwanga mweupe ambao sijawahi kuuona ndani ya nyumba, ikasema tik, globu ikafa. Zile ni za volti 3.7 kila moja, zikijaa 4.2. Tochi ilitarajia volti tatu kwa jumla, ikamwagiwa nane. Nashukuru nilianzia kwenye tochi, maana kipanya cha kompyuta kilikuwa pembeni kikisubiri zamu yake. Namba 14500 haisemi nguvu: 14 ni upana kwa milimita, 50 ni urefu.

Zipo lithiamu nyingine za AA ambazo ndani zina kisakiti cha kushusha volti mpaka 1.5, na tundu la waya wa USB la kuchajia. Hizo ni salama, na nina nne. Kifaa kinachonung'unika kwa volti 1.2 za nikeli, kama kipimo changu cha presha kilichokuwa kikilia betri imeisha wakati imejaa, kwa hizi kimetulia. Lakini soma ganda: wameandika 3600, nikaruka, kumbe ni miliwati-saa, yaani kipimo cha nishati, si cha chaji. Gawa kwa 1.5 upate 2400. Namba si mbaya, ila haikuwa ile niliyoishangilia. Kero yake ya pili ni kwamba haitoi taarifa. Inashikilia volti 1.5 mpaka dakika ya mwisho, halafu kimya, kwa hiyo kipanya kiliniambia chaji imejaa mpaka kilipozimika nikiwa katikati ya kazi. Kero ya tatu nilihangaika nayo wiki nzima. Redio ilianza kupiga mluzi kwenye masafa ya kati. Nikahamisha antena, nikazima friji, nikamlaumu jirani. Kumbe ni kile kisakiti ndani ya betri kinachowasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa mno, na redio inakisikia. Nikarudisha za nikeli, mluzi ukaisha.

Rimoti nazo zilikuwa na shida ya alkalaini zilizosahaulika ndani: ungaunga mweupe kwenye springi. Pamba na siki kidogo, unaacha ikauke. Kifaa cha kunusa moshi sikigusi, kinatumia betri ambayo kitabu chake kinasema, na kitabu kinakataza za kuchaji.

Kinachonifanya nijivune kuliko vyote ni rangi ya kucha. Betri zilizonunuliwa pamoja zikae pamoja na zichajiwe pamoja, ili yasirudi yale ya gari. Kwa hiyo kila kundi lina nukta: nyekundu ni gari, zambarau ni redio, ya fedha ni kipanya. Watoto wanajua. Mtoto wa miaka sita aliwahi kumkemea bibi yake: "Hiyo zambarau, rudisha!"

Wiki iliyopita shemeji alikuja na tochi mpya ya lithiamu, saizi 18650, betri imeandikwa 9900. Nilijua saizi hiyo, za kweli nyingi huishia kama 3500 na zinakaribia gramu 45. Nikamwambia asubiri, nikaleta mizani. Gramu 28. Akaitazama namba, akaiondoa betri, akairudisha taratibu. Bado 28.

"Labda mizani yako ndiyo imeisha moto, shemeji."

Nikaigeuza nikamfungulia kifuniko cha chini. Nukta za kijani, nilizichaji asubuhi ileile.