Siku moja maishani mwangu: mkutubi wa makala za fasihi, Nairobi

Mimi ni mkutubi kwenye maktaba ya chuo kikuu hapa Nairobi na kazi yangu kubwa ni kusaidia wanafunzi wa fasihi kutafuta makala za kitaaluma kwenye databesi. Hii ni Jumatano ya wiki jana.

Saa 12 na robo asubuhi niko kwa matatu Thika Road, nashukia Ngara namalizia kwa mguu maana jam ya kuingia tao ni ile ile. Saa 2 kamili nishawasha kompyuta, na kabla ya chai naangalia kama databesi za JSTOR, Project MUSE na EBSCO zinafunguka, kwa sababu hizi ni za kulipia, vyuo vya Kenya vinachanga pamoja kupitia KLISC, muungano wa maktaba zetu, na mwanafunzi akikuta zimegoma asubuhi hivi huyo humwoni tena.

Saa 3 kijana wa mwaka wa tatu, anatafuta tahakiki za zamani za Ngũgĩ wa Thiong'o na hazioni. Nikamwambia aandike James Ngugi, ndilo jina alilotumia kwenye vitabu vya miaka ya 1960, na wahakiki wa wakati huo walimwita hivyo. Dakika tano ameshapata, ameenda.

Saa 4 ndio akaja dada wa uzamili, anaandika kuhusu ushujaa katika tenzi. "Madam, nimetafuta hadi nimechoka, hakuna kitu." Kuangalia, ameweka mada yote ya tasnifu kwenye kile kisanduku, sentensi nzima. Mashine haisomi sentensi kama mwalimu, inatafuta maneno, kwa hivyo tukaikata vipande, tenzi huku, ushujaa kule, halafu kila kipande tukakipa majina yake yote ndani ya mabano: (utendi OR utenzi OR tendi OR tenzi), kisha AND, kisha (shujaa OR ushujaa OR hero). Hizo OR (lolote kati ya haya) na AND (pande zote ziwepo) ziandike kwa herufi kubwa. Na Kiingereza lazima kiwepo, maana makala nyingi kuhusu fasihi yetu zimeandikwa kwa Kiingereza, nyingine Kijerumani.

Kuna jambo wanafunzi wa Kiswahili huwa hawaambiwi. Ile alama ya nyota inawasaidia sana wa Kiingereza, ukiandika poet* unapata poet, poets, poetry zote kwa mpigo. Sisi maneno yetu yanabadilika mbele: shairi, mashairi, ushairi, mshairi. Na JSTOR haikubali nyota mwanzoni mwa neno, so hakuna njia ya mkato, unaandika yote manne na OR katikati. Ukijaribu tend* ndio unaletewa tendency na tender mpaka uchoke.

Makala zikaanza kuja. Tukafungua moja nzuri, tukashuka hadi marejeleo yake, tukafuata majina. Kusema ukweli inaniuma sana mtu akiandika kwenye tasnifu "hakuna utafiti uliofanywa" na utafiti uko, umekaa miaka unangoja mtu wa kuusoma.

Saa 7 chapati na madondo, nikarudi.

Saa 8 mwalimu mmoja wa udaktari, mtu mzima, tukaamkiana vizuri tukakaa. Anamtafiti Shaaban Robert. Yeye tatizo lake lilikuwa MLA International Bibliography, anaona makala lakini hazifunguki. Hiyo kimsingi ni fahirisi mwalimu, inakwambia makala ipo, jarida gani, toleo lipi, ukurasa upi, lakini mara nyingi yenyewe unaifuata kwingine. Tukatafuta Shaaban, Shaban na Shabani, zote, maana waandishi hawakuliandika jina kwa namna moja. Na nikamsihi asiishie JSTOR. Yale majarida mawili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, "Kiswahili" na "Mulika", ayaendee kwenye tovuti ya chuo chenyewe au kwenye rafu zetu za chini, jarida la Swahili Forum linasomwa bure mtandaoni, na AJOL (African Journals Online) ya Afrika Kusini inakusanya majarida ya bara hili tangu 1998. Wasomi wetu wako huko, ukiwaacha umeandika nusu ya habari.

Saa 10 yule dada wa tenzi akarudi mbio na laptopu mkononi, amefika mwenyewe kwenye miswada ya Kiswahili iliyo chuo cha SOAS, London, ile iliyopigwa picha ikawekwa mtandaoni, anaona tenzi kwa hati za Kiarabu kabisa. "Madam, na hii naiweka vipi kwenye marejeleo?" Nikamwambia aandike jina la utenzi, namba ya mswada kama SOAS walivyoiandika, jina la maktaba, kiungo na tarehe aliyoufungua, na aandike hapo hapo kabla hajafunga dirisha. Tukaandika ya kwanza pamoja, zilizobaki akamaliza mwenyewe, saa 11 nikafunga.