Mguu wa Kabula

Kabula alianza kuchechemea mwishoni mwa masika ya 2016. Mguu wenyewe ulikuwa wa mbele, wa kushoto, na hakuna aliyemwona akijikwaa wala kuteleza. Alikuwa punda jike mzee. Baba alimnunua mnadani nikiwa bado shule ya msingi, na kwa hesabu yetu alikuwa ameshapita miaka 20. Maji tuliyopikia, tuliyooga na yaliyofyatulia matofali ya nyumba ya baba yalipanda kutoka Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, mgongoni mwake, madumu manne ya lita 20 kila safari. Hizo ni kilo 80, bila tandiko.

Baba alinipigia simu nikiwa kazini mjini Mwanza. “Mwanangu, Kabula anatikisa kichwa.” Nilielewa uzito wa maneno hayo. Punda anayeumwa mguu wa mbele hunyanyua kichwa kila mguu huo unapogusa chini, ili aupunguzie mzigo. Na punda huficha maumivu. Ataendelea kula, ataendelea kubeba, kwa hiyo mpaka kichwa kianze kutikisika, ujue ameshavumilia sana. Jumamosi nilipanda Hiace Buzuruga nikaenda nyumbani, Magu.

Nilikuta kila mtu ana sababu yake. Shemeji alisema ni mwiba. Jirani mmoja alisema pumba za mahindi zimemzidi. Ni kweli chakula kizito huweza kuharibu kwato za punda, ila ugonjwa huo kwa kawaida hushika miguu yote miwili ya mbele, na wa kulia wa Kabula ulikuwa mzima. Mzee mwingine alikuja na chuma chake, akataka kipashwe moto amchome begani ili ugonjwa utoke. Baba alimpa kiti, akampa togwa, akakataa. Namshukuru baba kwa hilo mpaka leo. Nimeona punda wenye makovu ya chuma mabegani wakichechemea vilevile, wameongezewa maumivu juu ya maumivu.

Mimi nilishuku tope. Mbugani kwetu udongo ni mweusi, wa mpunga, unanata wakati wa mvua. Kwato ya punda hunyonya maji ikalainika, kisha mvua zikikata inakutana na kokoto. Uchafu ukipenya kwenye ufa mdogo, usaha hutunga ndani. Nilitamani liwe jipu, kwa sababu jipu lina dawa: linafunguliwa, usaha unatoka, mguu unasafishwa na kufungwa, mnyama anapona.

Ofisa mifugo alikuja na pikipiki yake, na sijawahi kumwona mtu akimkagua mnyama kwa subira namna ile. Alitaka Kabula atembezwe kwenye mchanga, halafu kwenye ardhi ngumu, halafu azungushwe duara dogo kulia na kushoto. Kwenye ardhi ngumu alichechemea zaidi, na akizungushwa kushoto alikuwa karibu kusimama. Akashika kwato kwa kiganja kutafuta joto, akabonyeza mshipa nyuma ya kifundo kusikiliza mapigo ya damu. Kisha akamchoma sindano ya ganzi pande mbili, juu kidogo ya kwato. Tukasubiri. Alipotembezwa tena, Kabula alikwenda sawa, kichwa kimetulia, na mama akapiga kigelegele.

“Hajapona, mama,” ofisa alisema kwa upole. “Ganzi imetuambia tu kwamba maumivu yako chini, kwenye kwato. Si begani.”

Akachonga unyayo kidogo kidogo kwa kisu. Hakuna usaha, hakuna mwiba, hakuna jiwe, hakuna ufa. Yaliyobaki yalihitaji eksirei, na ya mnyama mkubwa hatukuwa nayo karibu. Huenda ni mfupa wa ndani, alisema, huenda ni uzee kwenye kiungo. Aliacha dawa ya maumivu na maagizo: asibebe kitu, asilale kwenye unyevu.

Miaka ile kulikuwa na watu wakizunguka vijijini kununua punda kwa ajili ya ngozi, ambazo Wachina huzichemsha kutengeneza ejiao, dawa yao ya asili. Mmoja alifika nyumbani wiki hizo hizo. Mguu haukumhusu, kwani ngozi haichechemei. Alitaja bei, akaipandisha. Baba alimjibu, “Huyu ametusomeshea watoto,” akarudi kuchambua maharage. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zao, nilimpigia baba simu kumweleza. Alikaa kimya kidogo, akauliza kama na uzao wa Kabula umo.

Tukapanga maisha upya kuuzunguka mguu usio na jibu. Mwana wa Kabula alichukua madumu, na jioni walifungwa zizi moja, maana punda akitenganishwa na mwenzake huweza hata kuacha kula. Tuliondoa samadi bandani tukamwaga mchanga wa ziwani, mzito, hadi akazama kwato. Kiatu kilikuwa kazi ya mama: kipande cha sponji ya godoro chini ya unyayo, gunia juu yake, na tyubu ya baiskeli kukaza. Asubuhi kilifunguliwa kwato ikauke. Kwa kiatu kile Kabula alikuwa anafika hadi mwembeni na kurudi, na mimi nakiona ni bora kuliko dawa nyingi nilizowahi kununua.

Baba alianza daftari. Kila siku aliandika mvua au jua, ardhi ikoje, amekula nini, ametembeaje. Alikuwa anatafuta mpangilio. Nikienda nyumbani tulisoma pamoja kurasa zile, na kila tulipodhani tumeupata, wiki iliyofuata iliuvunja. Siku ya baridi anatembea vizuri, siku ya jua zuri hataki kukanyaga. Mwaka wa pili baba aliacha kuandika hali ya hewa. Alibakiza mambo matatu: amekula, amelala, ameamka mwenyewe.

Masika ya 2019 la tatu lilianza kukosekana. Tulimnyanyua kwa kamba na vijana wa jirani, kesho yake tena, na baba akamwita ofisa yule yule kwa ajili ya sindano ya mwisho. Ilipokwisha, ofisa aliuliza kama tungependa aipasue kwato, tuone hatimaye kulikuwa na nini. Baba alisema hapana, azikwe na miguu yake yote minne. Sikumbishia, alikuwa punda wake. Lakini mimi ningekubali. Bado nataka kujua kilichokuwa kinamuuma.