Pumba Zinywe Kwanza: Mafini ya Ndizi na Tende

Mafini ya unga usiokobolewa yakitoka makavu na kumeguka kama mchanga, usiilaumu oveni. Pumba ziliingia kavu. Pumba za ngano hunywa maji polepole. Usipozilowesha mapema, zitayanywa wakati wa kuoka, na kinachokauka ni mafini yenyewe.

Kwa mafini 12, loweka gramu 60 za pumba, kama kikombe kimoja, katika mililita 240 za mtindi kwa dakika 20. Ziwe pumba safi za kuliwa na watu, si zile za duka la chakula cha mifugo. Ponda ndizi 3 zilizoiva hadi ganda likapata madoa meusi. Ndizi ya kijani haina utamu na haipondeki. Ongeza mayai 2, mafuta mililita 80, sukari gramu 60, kisha zile pumba.

Kwenye bakuli jingine chekecha gramu 180 za unga wa ata (unga wa ngano usiokobolewa), vijiko vya chai 2 vya beking pauda, nusu kijiko cha chai cha bikaboneti (baking soda), chumvi na hiliki. Bikaboneti isizidi hapo: ikikosa uchachu wa mtindi wa kuimaliza, inabaki na ladha ya sabuni. Katakata tende gramu 100 ndogondogo, uzigaragaze humo zisigandane.

Unganisha kwa mwiko, ukiacha mara tu unga mkavu unapopotea. Madonge machache si kosa. Ukikoroga hadi ulainike, mafini huwa magumu, yenye mashimo marefu ndani.

Embe hufaa badala ya tende. Nanasi hapana, mpaka ulipike likauke maji.

Jaza vikombe robo tatu. Oka dakika 5 kwa nyuzi 200, halafu dakika 15 kwa 180, hadi kijiti kitoke safi. Kwa jiko la mkaa, makaa mengi yakae juu ya mfuniko na machache chini, ama sivyo chini kutaungua na katikati kubaki kubichi. Yatoe kwenye vikombe baada ya dakika 5, maana mvuke huyalowesha.

Kila moja lina takriban gramu 5 za nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau 25 kwa siku. Asiyezoea aanze na moja, anywe na maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi.