Zege halilali: siku yangu moja saiti

Saa 11 alfajiri nshaamka, nagida vikombe viwili vya maji kabla hata ya kunawa uso. Daladala kutoka Manzese, chai na chapati kwa mama ntilie, saa 1 nipo saiti Goba. Mimi ni saidia fundi, mwaka wa tisa huu, na leo tunamwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya juu.

Kwa asiyejua, zege halilali. Mashine ikishawashwa karai linapita mkono kwa mkono kwenye ngazi za mirunda mpaka juu, hakuna kusimama, maana zege likianza kukaza halafu ukamwaga jipya pembeni, pale kwenye maungio ndo mvua itavujia. Saa 2 mpaka saa 4 ni karai tu.

Saa 5 ndo balaa. Februari ya Dar mnaijua, jua la utosini na hewa nzito ya bahari, jasho linatiririka ila halikauki, na lisipokauka mwili haupoi. Dumu la lita 20 kwa watu 14 lishaisha. Nikamfata msimamizi, bosi maji yameisha, toa hela mtu akimbie dukani. Akasema nyie mnapenda kusimama simama, subirini mchana. Nikamwambia yule dogo wa tatu kwenye mstari kanyamaza toka saa 4, na huyo ndo huwa anatuchekesha wote. Eti kalewa jana. Dogo hanywi pombe, namjua, asubuhi kanywa enaji moja akaona inatosha! Tunabishana, mashine inaunguruma, makarai yanaendelea kuja, na pembeni yetu pipa limejaa maji ya kisima ya kuchanganyia zege, machumvi matupu hayanyweki, yaani zege lina maji sisi hatuna, mara dogo misuli ya miguu ikambana akakaa chini kwenye kokoto huku anatetemeka juani.

Mashine ikazimwa. Tukamvuta kivulini, tukamvua shati, tukammwagia yale yale maji ya pipa kichwani na kifuani. Mama ntilie akaleta maji safi, lita moja tukatia vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo. Jasho linatoka na chumvi jamani, maji matupu peke yake hayatoshi. Na usingoje kiu, kiu ikija ushachelewa.

Mchana sikumbuki vizuri. Nilienda kukojoa, mkojo kama chai ya rangi, nikajua hata mimi sipo sawa. Tumemaliza jua linazama, dogo kakaa vizuri anaongea, slabu imenyooka na nimeifurahia kweli.

Natoka getini msimamizi ananiita, kesho uje umwagilie slabu, asubuhi na jioni siku 7, isije ikapasuka. Nikamwambia nakuja, ila nikute madumu mawili ya maji ya kunywa.